TAA YA MANJANO IPEWE SEKUNDE NGAPI?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, mfanyakazi wa reli, mbele ya mkutano wa tawi, Molo)



Kamati ya tawi imeniomba niseme juu ya usalama wa barabarani, na bila shaka wengi wenu mmejiweka tayari kusikia yale ya siku zote: fungeni mikanda, msiendeshe mkiwa mmelewa, watu wa boda boda wavae kofia. Hayo ni kweli tupu, lakini mmekwisha kuyasikia mara nyingi. Leo nataka kusema juu ya jambo dogo, dogo hata mtu aweza kucheka. Ni ile taa ya manjano inayowaka baada ya kijani na kabla ya nyekundu. Nauliza hivi: yafaa iwake muda gani? Sekunde tatu? Nne? Sita?

Naona ndugu mmoja pale nyuma anasema moyoni, “Huyu ni mtu wa reli, taa za motokaa zamhusu nini?” Zanihusu, ndugu yangu, kwa kuwa taa hizo ni watoto wetu. Taa ya kwanza ya kuongoza magari barabarani ilisimamishwa mjini London mwezi wa Desemba 1868, karibu na jumba la Bunge, na aliyeibuni alikuwa mkubwa wa reli, Bwana John Peake Knight. Aliichukua mikono ya ishara ya reli, ile inayoinuka na kushuka, akaitia taa za gesi nyekundu na kijani kwa ajili ya usiku, na askari polisi akawekwa chini yake kuigeuza. Mwezi uliofuata, Januari 1869, gesi ilivuja, taa ikapasuka, askari akaumia, na mambo yakaishia hapo kwa miaka mingi. Manjano haikuwako. Ilikuja mwaka 1920 katika mji wa Detroit, Marekani, wakati askari aitwaye William Potts alipokwenda tena kwa watu wa reli, akachukua rangi zao zote tatu, akaziweka kwenye njia panda.

Lakini walipochukua rangi, kuna kitu walikiacha kwetu, na hicho ndicho nilichokuja kukisema.

Katika reli, taa ya manjano haikai mahali pamoja na nyekundu ikingoja zamu yake. Hutangulia. Dereva wa injini akiiona, inamwambia kwamba ishara iliyo mbele huenda inamzuia, basi aanze kupunguza mwendo sasa. Gari la mizigo lililojaa laweza kutaka kilometa nzima, na zaidi, mpaka lisimame. Kwa hiyo mafundi hawasemi, “Tuweke manjano hapa kwa sababu jirani ameweka vivyo hivyo.” Hupima kasi, hupima uzito, hupima nguvu za breki, na hupima mteremko. Mteremko ukizidi, manjano hurudishwa nyuma zaidi. Sisi wa Molo hatuna haja ya kufundishwa mteremko ni nini. Reli hii, iliyofika Kisumu mwaka 1901, hupanda kutoka Nakuru, hupita Njoro na Elburgon na hapa kwetu, hufika Mau Summit kwenye futi 8,300 hivi juu ya bahari, kisha huanza kuteremka kuelekea ziwani. Gadi yeyote mzee atakuambia kwamba kupanda ni kazi ya injini, bali kuteremka ni kazi ya breki, na breki ndizo zinazoua.

Kwetu, basi, manjano ni umbali. Barabarani wameifanya kuwa muda, kwa maana taa zote tatu zimefungwa kwenye mti mmoja pale pale penye njia panda. Si vibaya, maana umbali waweza kugeuzwa kuwa muda kwa hesabu. Ubaya huja pale ambapo hesabu haikufanywa, mtu akategua saa kwenye sekunde tatu tu kwa kuwa ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Hebu tuifanye hesabu hiyo. Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni tu, na hii nimeifanya kwa kalamu juu ya meza ya jikoni, kwa hiyo msiogope.

Chukueni motokaa ndogo inayokwenda kilometa 50 kwa saa, mwendo wa juu kabisa kwa sheria ndani ya mji. Hiyo ni meta 14 hivi kila sekunde. Taa inageuka manjano. Sekunde ya kwanza dereva anaona, anafahamu, anahamisha mguu. Motokaa imekwisha kula meta 14 kabla breki haijaguswa. Kisha breki zinakamata. Barabara ikiwa kavu, na dereva asitake kuwarusha abiria wake kwenye kioo, atahitaji kama meta 33 nyingine. Jumla ni 47. Basi manjano ikimkuta mbali kuliko meta 47 kutoka kwenye mstari, anasimama bila taabu. Ikimkuta karibu kuliko hapo, hawezi kusimama vizuri, hana budi kupita. Na kuzipita meta 47 kwa mwendo huo ni sekunde tatu na theluthi moja. Kwa motokaa ndogo, basi, sekunde tatu zakaribia kutosha. Ndiyo sababu wakubwa wenye motokaa ndogo hawaoni shida yoyote.

Sasa mtoeni huyo, mwekeni dereva wa lori lenye trela, lililojaa saruji mgongoni. Breki zake ni za upepo, nazo huchelewa kidogo, lakini hata tukiusahau ucheleweshaji huo na kusema tu kwamba zinashika kwa theluthi mbili ya zile za motokaa, atataka meta 49 za breki na 14 za kufikiri: jumla 63, yaani sekunde nne na nusu. Hapo ni tambarare. Mpelekeni mteremkoni, barabara inayoshuka meta 6 kwa kila meta 100. Dunia yenyewe inamsukuma. Meta za breki zinakuwa 70, jumla yake 84, nazo ni sekunde sita kamili. Tena sijatia mvua, wala ukungu wa asubuhi wa huku kwetu, wala tairi zilizokwisha.

Sasa taa imetegwa sekunde tatu. Sekunde tatu ni meta 42. Lori lile likikutwa na manjano lipo kati ya meta 42 na meta 84 kutoka kwenye mstari, dereva afanye nini? Akikaza breki, atasimama katikati ya njia panda, juu ya watu. Akipita, atapita kwenye nyekundu. Yote mawili ni kosa, na la tatu hakuna. Mwaka 1960 wataalamu watatu waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya General Motors kule Marekani, Gazis, Herman na Maradudin, waliliandika jambo hili kwa hesabu kubwa kuliko yangu, wakaonyesha kwamba manjano ikiwa fupi mno huwa pana mahali barabarani ambapo dereva mwema, mwenye akili zake, asiyekwenda mbio, hawezi kuitii sheria hata akitaka.

Ndugu zangu, hilo ni neno zito. Sheria isiyowezekana kutiiwa si sheria, ni mtego.

Na anayenaswa ni nani? Shemeji yangu ni dereva wa lori. Alipita kwenye nyekundu katika mji mmoja ambapo barabara inashuka kuelekea kwenye taa, akapigwa faini, na mwajiri wake akaikata katika mshahara, akamwongezea barua ya onyo. Aliambiwa, “Wenzako wanasimama, wewe kwa nini usisimame?” Wenzake waliosimama walikuwa na motokaa. Hakuna aliyekwenda na saa kuipima ile manjano. Sitaji mji wala mwajiri, kwa kuwa sikuja hapa kushitaki mtu. Nataka tu mwone jinsi sekunde moja na nusu zinavyoweza kutoka katika mfuko wa mfanyakazi bila yeye kujua zimepitia wapi.

Nchini kwetu, tangu zile kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016, habari za faini za papo hapo na za kamera zimekuwa zikirudi tena na tena. Mimi sipingi kamera. Askari aweza kupewa kitu kidogo. Kamera haina mfuko. Lakini kamera haioni mteremko, na haiulizi kama muda ulitosha. Tazameni yaliyotokea Chicago mwaka 2014. Kanuni ya mji ule ni kwamba manjano isipungue sekunde tatu. Ikaonekana kwamba mashine zilikuwa zikiwaandikia watu faini hata pale manjano ilipowaka sekunde 2.9, na mkaguzi wa mji alipofungua vitabu akakuta vyeti vya faini kama 77,000 vya namna hiyo, vya dola karibu milioni nane. Sehemu moja ya kumi ya sekunde, ndugu zangu! Hata kupepesa jicho ni zaidi. Sisemi waliiba kwa makusudi. Nasema kwamba saa ikiwa inaingiza fedha, hakuna anayekuwa na haraka ya kuitengeneza.

Mtu mwingine atasema, “Haya ni mambo ya mainjinia, sisi wafanyakazi tunyamaze.” Kwa huyo ninacho kisa, nacho ni cha kweli. Katika mji wa Beaverton, jimbo la Oregon huko huko Marekani, kuna bwana aitwaye Mats Järlström. Mwaka 2013 mkewe aliandikiwa faini na kamera. Bwana huyu akaanza kuipima manjano, akaisoma ile hesabu ya mwaka 1960, akaona upungufu: hesabu ilimfikiria dereva anayekwenda moja kwa moja, haikumfikiria yule anayepunguza mwendo ili akate kona, ambaye huchukua muda mrefu zaidi kufika. Akawaandikia wakubwa. Je, walimjibu hesabu kwa hesabu? Hasha. Halmashauri ya mainjinia ya jimbo ilimtoza dola 500 mwanzoni mwa mwaka 2017, kwa kusema mambo ya uinjinia bila ya leseni. Alikwenda mahakamani, na mwezi wa Desemba 2018 jaji akaamua kwamba mtu hawezi kunyimwa haki ya kusema hesabu yake. Profesa Maradudin mwenyewe, mmoja wa wale watatu wa 1960, alimwunga mkono. Na mwaka 2020 chama cha mainjinia wa barabara cha huko, ITE, kikatoa mwongozo mpya ulioichukua hoja yake.

Kisa hicho nimekisimulia kwa urefu kwa sababu sisi hapa wengi wetu hatuna leseni ya kitu chochote ila ya kufanya kazi. Lakini tunakaa penye mteremko, na tunajua lori linavyolia likishuka.

Sasa niseme na upande wa pili, maana upo. Mtu aweza kudai, “Basi tuweke sekunde kumi, kila mmoja astarehe.” Haifai. Manjano ikizidi urefu, madereva huizoea, wakaifanya kijani ya pili, kila mmoja akakanyaga mafuta aiwahi. Na huyu anakanyaga huku yule wa mbele yake anasimama, na huyo ndiye anayegongwa nyuma. Wamarekani kwa kawaida hukaa kati ya sekunde tatu na sita. Waingereza wameweka tatu kila mahali, iwe mlima au bonde. Na tusiwaige kwa jambo hilo bila kutazama yaliyo chini yake, maana kwenye barabara zao za mwendo wa kasi wamefukia nyaya ardhini zinazohisi gari linalokuja mbio na kuichelewesha kijani isikatike usoni pake. Ukichukua sekunde tatu za Mwingereza ukaacha nyaya zake, umechukua kofia ukaacha kichwa.

Zaidi ya hayo, manjano si ya kulibeba lori mpaka ng’ambo. Lori na trela yake ni meta 17 hivi. Njia panda tuseme meta 20. Likivuka mstari kwa haki mwishoni mwa manjano, lataka bado sekunde mbili na nusu na kitu mpaka mkia wake utoke. Kwa hiyo baada ya manjano pande zote zibaki nyekundu kitambo kidogo, sekunde mbili tatu, kabla ya upande wa pili kupewa kijani. Hapo anaokolewa mama anayevuka na gunia lake la viazi, siyo dereva tu.

Kuna jambo moja lisilofaa kufichwa. Tarehe 30 Juni 2023, siku ya Ijumaa jioni, lori lililobeba kontena lilishindwa kujizuia pale Londiani Junction, likaingia katika matatu, katika boda boda na katika watu waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya barabara. Walikufa watu zaidi ya 50. Ni jirani zetu. Sisemi hata kidogo kwamba taa ingaliwaokoa. Lori lisiloweza kusimama halisimamishwi na rangi yoyote, na anayewaambia kwamba taa ni dawa ya breki mbovu anawadanganya. Dawa ya breki mbovu ni ukaguzi, na mwenye lori asiyemhimiza dereva kushuka na gia huru ili kubana mafuta, kama ilivyojulikana miaka mingi pale Salgaa. Lakini Londiani inatuonyesha jinsi watu wetu wanavyoishi: soko, steji na njia panda viko mahali pamoja, tena mara nyingi mahali hapo ni chini ya mteremko. Siku serikali itakapoweka taa mahali kama hapo, saa yake isitegwe na mtu aliyekaa ofisini kwenye tambarare ya Nairobi, ambako, kama mjuavyo, taa ikisema nyekundu na askari akisema njoo, watu humfuata askari.

Siku hiyo haiko mbali. Mwezi wa Novemba 2025 ilizinduliwa kazi ya kupanua barabara kuu kutoka Rironi kupita Naivasha na Nakuru mpaka Mau Summit. Katika mpango huo NSSF imeingia pamoja na kampuni ya Wachina ya CRBC. NSSF ni nani? Ni ile akiba inayokatwa katika mishahara yetu kila mwezi. Basi tusiende kuomba kama wageni mlangoni. Watakapochora njia panda za kutoka barabara hiyo kuja Elburgon, Molo na kwingineko, tuna neno la kusema.

Na neno lenyewe ni hili, nalo limeandikwa katika barua ambayo kamati imeiandaa kwa KeNHA, wasimamizi wa barabara kuu. Tunaomba kila mahali patakapowekwa taa penye mteremko, manjano ipimwe kwa lori lililojaa linaloshuka, si kwa motokaa ndogo. Tunaomba idadi ya sekunde ibandikwe wazi pale pale kwenye mti wa taa, ili dereva aliyeandikiwa faini aweze kusimama na saa yake na mwanachama mwenzake na kuhesabu. Pasipo hiyo idadi, kamera isifungwe.

Ombi la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana linakirudisha kile walichokiacha kwetu walipochukua rangi. Penye mteremko mrefu iwekwe taa nyingine ya manjano huko juu, meta kadhaa kabla ya njia panda, iwe inapepesa pindi kijani ya chini inapokaribia kwisha. Si ndoto, Marekani na Kanada taa za namna hiyo zipo. Dereva wa lori ataiona akiwa bado na barabara mbele yake, atateremsha gia, atagusa breki mapema zikiwa baridi, na hatafika kwenye zile meta 42 na 84 akiwa hana la kufanya. Mtu wa reli akiiona taa hiyo atajua mara moja imetoka wapi.

Najua gharama itatajwa. Taa moja, mti mmoja, na waya. Wahasibu watupe bei, nasi tutawauliza bei ya lori moja na kontena lake, na hayo ni bila kutaja watu.

Barua iko kwa Ndugu Katibu, kurasa mbili, pamoja na ile hesabu ya jikoni imepigwa chapa vizuri. Madereva wa malori na wa matatu walio hapa nawaomba kwa namna ya pekee waisome kabla ya kutia sahihi, hasa pale nilipoandika nguvu ya breki za lori kuwa theluthi mbili ya zile za motokaa. Anayezijua breki hizo kwa mikono yake kuliko nizijuavyo mimi kwa kalamu, aiongeze au aipunguze leo, kwa maana Katibu ataipeleka Nakuru Jumatatu asubuhi.